Panya wamevuka 2000 mg/kg bila kifo, kwenye siku 28 wanakufa kwa 1000. Wa kulaumiwa ni dawa au mkono wetu?

#1 Gome Kavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi. Naomba mnisaidie kuyasoma matokeo haya kabla hayajaingia kwenye tasnifu.

Dondoo ni la maji, magome ya mti wa jamii ya mikunde (jina nalihifadhi kwa sasa, hati bado iko kwa msimamizi). Sumu ya papo hapo tulifuata mwongozo wa OECD (shirika la kimataifa linaloweka miongozo ya vipimo) namba 423: panya wakubwa weupe wa Wistar, majike watatu, 2000 mg/kg, kisha watatu wengine kuthibitisha. Siku 14, hakuna kifo. Tukaingia siku 28 kwa mwongozo namba 407: kontroli (wasiopewa dawa), 250, 500 na 1000 mg/kg kwa siku, kila kundi madume watano na majike watano.

Kundi la 1000 wamekufa majike watatu, wote kati ya wiki ya pili na ya tatu. Makundi mengine hakuna kifo. Waliobaki, vimeng'enya vya ini kwenye damu: ALT sawa na kontroli, AST imepanda kidogo; vya figo, urea na kreatinini, ni vya kawaida. Ini na figo kwa macho ni safi.

Inakuwaje mnyama avumilie 2000 kwa mkupuo halafu afe kwa nusu yake? Na je, kwa hiyo 423 bado naweza kuandika kwamba dondoo ni salama? Nawasilisha.

#2 Kiti Moto cha Nyuma

Huu mti una aibu kuliko bibi harusi. Nimeweka kambi.

#3 Sindano Butu

Mleta uzi, kabla hujaushtaki mti, shtaki sindano ya kunyweshea.

Piga hesabu. Panya wa gramu 150 kwenye 1000 mg/kg anatakiwa apate mg 150. Kama unatumia ml 1 kwa kila gramu 100 za mwili, atakunywa ml 1.5, kwa hiyo chupa ya kundi hilo ina mg 100 kwa kila ml. Chupa ya 250 ina mg 25 tu. Ujazo ni uleule kwa makundi yote, lakini chupa moja inateremka yenyewe na nyingine ni rojo. Rojo unaisukuma kwa nguvu, panya anafurukuta, sehemu inarudi juu ya umio na kuchungulia kwenye koo la hewa. Ukifanya hivyo kila siku kwa wanyama kumi, mwisho wa siku 28 sindano imeingia mara 280. Kwenye 423 iliingia mara sita tu, na siku hiyo bila shaka aliyeshika ni yule fundi wenu mzuri.

Kwa hiyo kifo kinachotokea kundi la juu peke yake kinaonekana kama sumu inayopanda na dozi, kumbe kinachopanda ni uzito wa rojo. Kontroli yako ilipewa maji matupu, haiwezi kukuonyesha hilo.

#4 Fundi Vizimba

Naongezea kwa #3. Majike watatu na hakuna dume hata mmoja, hilo lingenishtua kabla ya kitu kingine. Mlitumia sindano geji gani (unene wake; namba ikiwa ndogo sindano ni nene)? Jike wa wiki nane ameachwa na dume kwa gramu 50 au zaidi. Sindano ya dume ikiwa ndefu, kwa jike inagonga ukuta wa tumbo. Ikiwa nene, inakwaruza umio.

Pimeni kila kundi la uzito upya: kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, kisha zungushia utepe kwenye sindano kama alama ya mwisho. Shika ngozi ya shingo na mabega, kichwa kirudi nyuma ili mdomo na umio vinyooke. Ingia pembeni, kwenye pengo kati ya meno ya mbele na magego, uache kichwa cha mviringo cha sindano kiteremke kwa uzito wake. Ikikwama usisukume, toa uanze upya. Ukiona kimiminika puani au mnyama anatweta, acha papo hapo, mwinamishe kichwa chini, na uandike kwenye daftari. Hilo la kuandika ndilo watu wanaliruka, halafu wiki ya pili wanauliza jukwaani.

#5 Gome Kavu

Ahsanteni. Sindano ilikuwa moja kwa wote, geji 16. Dondoo lilichanganywa kila Jumatatu kwa wiki nzima, likawekwa friji nyuzi 4. Ujazo ml 1 kwa gramu 100.

#6 Mkemia wa Zamu

Hapo kwenye Jumatatu hapo.

Dondoo la maji la magome lina sukari, lina wanga, halina kihifadhi. Friji inachelewesha vijidudu, haizuii. Kufikia Ijumaa chupa ya mg 100 kwa ml imeshakuwa na harufu nyingine. Halafu tanini zikipoa zinajishikanisha na protini na kuzama. Asubuhi unatikisa mara moja, unaanza kontroli, 250, 500, unamalizia na 1000, tena majike mwishoni. Wa kwanza anapata maji ya juu, wa mwisho anapata mashapo. Kwenye karatasi wote wamepata 1000. Tumboni mmoja kapata 600 na mwingine 1500. Hizo namba ni za mfano, lakini mtu apime uzito mkavu wa ml 1 ya juu na ml 1 ya chini ya chupa yake aone.

Utaratibu ni huu: unga mkavu wa dondoo uliokaushwa kwa kugandisha, kwenye chupa iliyofungwa, gizani. Kila asubuhi pima cha siku hiyo tu, changanya, weka juu ya kikorogeo cha sumaku, na uvute kila dozi wakati kinazunguka. Badilisha mpangilio wa vizimba kila siku.

Na magome yalikaukia wapi? Kama ni sakafuni, msimu wa mvua, tafuta aflatoksini kabla ya kutafuta kingine. Magome yenye ukungu yakichemshwa, ukungu unakufa, sumu yake inabaki kwa sababu inastahimili joto la maji yanayochemka.

#7 Darubini

Mkemia, aflatoksini ingegusa ini kwanza. ALT iko palepale na ini ni safi. Kwa dozi ya kuua majike watatu, ningetegemea ini limeshaanza kupiga kelele.

Halafu wote mnapita juu ya jambo dogo: hiyo damu ni ya waliobaki. Waliokufa hawakutolewa damu. Huwezi kumuuliza aliye hai kilichomuua jirani yake.

Na AST isiwasumbue sana. AST ipo ini, ipo misuli, ipo moyoni, ipo ndani ya chembe nyekundu. Sindano nyembamba ya kutolea damu moyoni, bomba likavutwa kwa pupa, chembe zinapasuka, seramu inakuwa ya waridi, AST inapanda, potasiamu inapanda, LDH inapanda. ALT inatikisika kidogo sana. Swali kwa mleta uzi: seramu ilikuwa na rangi gani? Iache damu igande dakika 30 kwenye joto la chumba, zungusha 3000 kwa dakika kwa dakika 10, na kila bomba liandikiwe rangi yake kabla halijaingia kwenye mashine. Bomba jekundu halisomwi AST, basi.

#8 Mkemia wa Zamu

Darubini, "ingegusa" ni neno la mtu asiye na vipande vya ini kwenye kioo cha darubini. Ini safi kwa macho si ini safi.

#9 Darubini

Kweli. Alete vipande.

#10 Tabibu wa Mizizi

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi ni wa tiba asili na nimesajiliwa, msinikimbize. Mnachobishana ni dondoo la kukaushwa kwa mashine. Mgonjwa hanywi hicho. Magome yanachemshwa, kikombe asubuhi na jioni, siku tatu hadi saba, mama mjamzito hapewi. Siku 28 mfululizo kwa dozi ya juu, hata mchicha utakuletea kesi. Na wazee wetu walitumia tangu enzi, watu hawakufa.

#11 Kipimo Sahihi

Marahaba tabibu, hoja ya siku tatu ni halali. Muda wa kipimo cha wanyama unatakiwa ulingane na muda wa matumizi. Dawa ya siku saba haihitaji miezi, lakini dawa ya kisukari inayonywewa mwaka mzima haiwezi kutegemea siku 28. Hapo ni siku 90, mwongozo namba 408, madume kumi na majike kumi kwa kila kundi.

Kuhusu kikombe, tugeuze dozi ya panya iwe ya mtu. Kundi la 500 halikupata madhara, kwa hiyo 500 gawa kwa 12.3 ni takriban mg 41 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 ni gramu 2.4 za dondoo. Gawa kwa 10 kama kinga, gramu 0.24.

#12 Sindano Butu

Kipimo Sahihi, leo si sahihi. 12.3 ni ya panya wadogo wa maabara, wale wa gramu 20. Huyu katumia Wistar, unagawa kwa 6.2. Ndiyo hasara ya lugha yetu kuwaita wote panya.

500 gawa kwa 6.2 ni mg 80.6 kwa kilo. Mara 60 ni gramu 4.8. Kwa kinga ya 10, gramu 0.48 za dondoo kavu kwa siku. Kama gramu 100 za unga wa gome zinatoa gramu 8 za dondoo, hiyo ni gramu 6 za gome. Tabibu, kikombe chako kinatoka kwenye gome la gramu ngapi?

#13 Tabibu wa Mizizi

Kiganja kimoja kwenye lita moja na nusu, ichemke ibaki lita. Kiganja sijakipima.

#14 Sindano Butu

Kapime kwenye mizani ya jikoni. Hiyo namba moja itawasaidia watafiti wengi kuliko semina nzima.

#15 Kipimo Sahihi

Nimesahihishwa, 6.2 ni kweli. Lakini hiyo kinga ya 10 ni kwa dozi ya kwanza ya mtu mzima mwenye afya kwenye jaribio, tusiigeuze kuwa maelezo ya chupa ya sokoni.

#16 Dawa za Ng'ombe

Wadau, mimi upande wangu ni mifugo, na hapa hakuna aliyetaja ugonjwa.

Panya wa makoloni yetu mengi ya kawaida, yasiyofungiwa vijidudu, wanabeba *Mycoplasma pulmonis* kimyakimya. Hapigi chafya, anakula, anaongezeka. Mweke kwenye mfadhaiko wa kushikwa kila siku, weka randa ya kulalia isiyobadilishwa ikapanda hewa ya amonia, mapafu yanalipuka wiki ya pili au ya tatu. Hata tarehe zinaangukia palepale. Amonia ukiisikia kwa pua yako ukiinama kizimbani, panya anayelala humo ameumia siku nyingi.

Angalieni pia pua na macho. Utando mwekundu kuzunguka jicho wengi wanauandika "anatokwa damu". Si damu, ni rangi ya tezi iliyo nyuma ya jicho, inamwagika mnyama akiwa na mfadhaiko au anaumwa. Tone kwenye karatasi nyeupe likimulikwa kwa taa ya urujuanimno linang'aa waridi, damu haing'ai. Kama majike wale walikuwa na machozi mekundu, manyoya yamesimama na migongo imepinda siku kadhaa kabla, huo ni ugonjwa au sumu inayotambaa. Kama jioni walikuwa wazima na asubuhi wamekufa, narudi kwa Sindano Butu.

#17 Fundi Vizimba

Lakini Dawa za Ng'ombe, koloni ni moja. Kwa nini kontroli na 500 wapone?

#18 Dawa za Ng'ombe

Kwa sababu dondoo zito likiingia kidogo mapafuni, hata matone, linamwamsha mdudu aliyelala. Sioni kwa nini iwe lazima tuchague moja.

#19 Marejea

Nileteni kwenye mikunde. Mmesahau kwamba jamii hii ina *Crotalaria*, ambazo baadhi zina sumu iitwayo monokrotalini. Wanaotafiti shinikizo la damu la mapafu wanaitumia makusudi: panya anadungwa mg 60 kwa kilo mara moja, siku za mwanzo anaonekana mzima, mishipa ya mapafu inanenepa taratibu, upande wa kulia wa moyo unavimba, na kati ya wiki ya tatu na ya tano wengi wanakufa. Hapo siku 14 za 423 zinaisha mnyama akiwa bado anakula. Kwa hiyo swali la mleta uzi, "inakuwaje avumilie kubwa afe kwa ndogo", lina jibu ambalo halihitaji sindano wala mdudu: sumu inayochelewa. Na aliyekuwa anakunywa kila siku angewahi zaidi.

Pimeni moyo: tenga ventrikali ya kulia, pima uzito wake dhidi ya kushoto na ukuta wa kati pamoja. Mizani ya mg inatosha, haihitaji mashine.

#20 Herbari

Marejea unalitetea jina lako kwa nguvu, ila *Crotalaria* ni majani na vichaka, si miti ya kubandua magome. Hata mitoo wanayokula ndugu zetu wa Kenya ni humohumo na haiui mtu mezani. Labda kama unga ulichanganyika na kitu kingine.

Na hapo ndipo ninapouliza: sampuli ya herbari iko wapi? Si picha ya simu. Tawi lenye jani, ua au tunda, limekandamizwa, limepewa namba, limekaa kwenye herbari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Herbari ya Afrika Mashariki kule Nairobi. Kama gome lilinunuliwa sokoni likiwa limeshasagwa, basi hujapima mti, umepima gunia.

#21 Kiti Moto cha Nyuma

Gunia limepata jina la kisayansi leo 😂

#22 Herbari

Cheka tu. Chukua mfano wa mugariga, ule wa kikombe cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011, shilingi 500. Ni *Carissa*. Ndugu yake wa karibu ni *Acokanthera*, mti wa sumu ya mishale. Wote wana utomvu mweupe, majani yanayokaa mawili mawili, maua meupe yenye waridi, na matunda yanayoiva kuwa meusi ya zambarau. Tofauti ya haraka ni miiba: *Carissa* anayo, *Acokanthera* hana. Sasa banduka gome, chimba mzizi, kata vipande. Mwiba uko wapi?

#23 Darubini

Na hapa kuna jambo baya zaidi, Herbari. Sumu ya *Acokanthera* ni uabaini na ndugu zake, zinazoziba pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye moyo. Pampu ya moyo wa panya, mkubwa na mdogo, ni sugu kwa sumu hizo, mara mia na zaidi ukilinganisha na ya binadamu. Ukichanganya mizizi ile miwili na kuipeleka kwenye 423, panya anaweza kupita na cheti kikaandikwa. Simbilisi angekuambia ukweli mapema zaidi.

Panya pia hawezi kutapika. Dawa inayomfanya mtu atapike baada ya kikombe cha kwanza, panya ataibeba yote tumboni. Mara nyingine inamwonyesha sumu ambayo mtu angeitema. Mara nyingine inakuficha dalili ya kwanza ambayo mgonjwa angekuambia.

#24 Tabibu wa Mizizi

Kwa hiyo panya hafai?

#25 Darubini

Anafaa kwa maswali yake. Ini, figo, damu, uzito, utumbo, anakujibu vizuri. Sumu ya moyo ya jamii hiyo mwulize mwingine. Na lile la wazee tangu enzi: mzee anaona kinachoua leo au kesho. Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake walipewa vidonge vya mitishamba vya kupunguza mwili, mmea mmoja ukabadilishwa na *Aristolochia*, figo zikafa taratibu, baadaye saratani za njia ya mkojo. Hakuna mzee ambaye angeunganisha kidonge na saratani ya miaka kadhaa mbele.

#26 Namba Tupu

Nirudi kwenye swali la pili la #1, mmelikimbia.

Kutokufa kwa sita kwenye 2000 maana yake LD50 (dozi inayoua nusu ya wanyama) ni zaidi ya 2000. Si "LD50 ni 2000", na si "salama". Kwenye uainishaji wa GHS (mfumo wa kimataifa wa kupanga kemikali kwa hatari yake) inaangukia daraja la 5 au nje ya madaraja. Sentensi halali ni moja: "Dozi moja ya mdomo ya 2000 mg/kg haikusababisha vifo kwa majike wa Wistar ndani ya siku 14." Neno salama liondoke hadi uwe na siku 28 zilizokaa sawa, tena ukitaja mmea, sehemu, kiyeyusho na dozi.

Na kwenye 407 kuna kitu kingine. Dozi ya juu inatakiwa ionyeshe sumu bila kuua. Watatu kati ya kumi wakifa, mwongozo wenyewe unakuambia dozi ilichaguliwa vibaya au utekelezaji una kasoro. Ilitakiwa itanguliwe na jaribio dogo la kutafuta dozi, siku 7 hadi 14, wanyama wachache. Ndiyo njia ya kulinda pia hesabu ya wanyama, zile R tatu za Russell na Burch za 1959 (kubadilisha, kupunguza na kuboresha matumizi ya wanyama).

#27 Lorke Daima

Mngetumia njia ya Lorke ya kutafuta LD50 mngeshamaliza. Awamu ya kwanza 10, 100, 1000, panya watatu watatu. Hakuna kifo, awamu ya pili 1600, 2900, 5000, mmoja mmoja. Akifa wa 2900 na wa 1600 akapona, zidisha 1600 kwa 2900, tafuta kipeuo cha pili, LD50 ni 2154. Wanyama 12, kazi imekwisha.

#28 Namba Tupu

Kazi imekwisha na namba yenye tarakimu nne iliyotokana na panya mmoja kufa. Akiwa alikufa kwa sindano, tarakimu zote nne ni za sindano. Mwongozo namba 425 nao unatumia wachache, lakini unasubiri: mnyama mmoja, saa 48, akipona unapanda kwa mara 3.2, akifa unashuka. Halafu wengi wa Lorke wanadunga tumboni. Saponini ukiidunga inapasua chembe za damu. Ukiinywesha utumbo hauipitishi sana. Dawa ya kunywa ipimwe kwa kunywesha.

#29 Lorke Daima

Bado inachapishwa kila mwaka.

#30 Namba Tupu

Na LD50 ya zamani, namba 401, ilichapishwa tangu enzi hizo hadi OECD wakaifuta Desemba 2002. Kuchapishwa si hoja.

#31 Gome Kavu

Nashukuru wote, nimejifunza. Majibu: seramu za kundi la 1000 mbili zilikuwa za waridi, hivyo AST naiweka pembeni. Waliokufa walikutwa asubuhi. Jioni ya jana yake fomu inasema "kawaida". Mmoja alikuwa na wekundu puani. Magome yalikaukia kivulini juu ya turubai. Herbari ipo, namba ipo. Randa ilibadilishwa mara mbili kwa wiki. Moyo tulipima mzima, haukutenganishwa. Mapafu hayakuwemo kwenye itifaki, hivyo hakuna vipande vya waliokufa. Waliobaki viungo vyote viko formalini, mapafu pia.

#32 Sindano Butu

"Jioni kawaida, asubuhi amekufa, wekundu puani." Mimi sina la kuongeza.

#33 Dawa za Ng'ombe

Una la kuongeza: wekundu puani ni wangu pia.

#34 Marejea

Na "jioni kawaida" ya fomu iliyojazwa kwa alama ya vema safu nzima tunaijua. Tenganisha moyo hata sasa, formalini haiharibu uwiano wa uzito ukilinganisha na kontroli zilizokaa humohumo.

#35 Mkemia wa Zamu

Mimi bado niko kwenye chupa ya Ijumaa. Angalia vifo viliangukia siku gani za wiki. Vikiwa vya Ijumaa na Jumamosi, tuzungumze tena.

#36 Namba Tupu

Ushauri wa kurudia, kundi moja tu la nyongeza, si jaribio zima. Majike watano wa 1000, dozi igawanywe asubuhi na jioni, mg 50 kwa ml, sindano geji 18, dondoo la siku hiyohiyo. Pembeni majike watano wanaopewa kitu kizito kisicho na dawa, kabosimethiliselulosi iliyokorogwa hadi ilingane uzito na rojo ya zamani, sindano ileile ya 16. Wakifa hawa wa pili, umepata mkono. Wakifa wa kwanza, umepata mti. Omba kibali kipya cha maadili, usiingize kwenye kile cha zamani.

#37 Fundi Vizimba

Anayekutwa amekufa awekwe friji, si friza. Barafu inapasua seli na Darubini atakulaumu. Na safari hii ukaguzi uwe mara mbili kwa siku kweli.

#38 Darubini

Mapafu: fungua kifua, usiyabonyeze. Ingiza formalini ya asilimia 10 kupitia koo la hewa polepole hadi yajae kawaida, funga koo kwa uzi, tumbukiza yote kwenye formalini mara 10 ya ujazo wake. Pafu lisilojazwa linasinyaa, na kwenye kioo kila kitu kinaonekana nimonia.

#39 Dawa za Ng'ombe

Darubini, ukijaza kwa koo la hewa unasukuma ndani kile unachokitafuta! Povu, chembe za gome, usaha, vyote vinasafiri hadi kwenye vifuko vya hewa, halafu utaandika kwamba alipaliwa.

#40 Darubini

Basi funga bronkasi (mrija wa hewa) ya kulia kwa uzi kwanza, likate pafu la kulia ulihifadhi bila kujaza, chukua na ufito wa pamba kwa ajili ya mdudu wako. Jaza la kushoto peke yake.

#41 Dawa za Ng'ombe

Kushoto libaki kavu, kulia lijazwe. Pafu la kulia la panya lina ndewe (sehemu) nne, la kushoto moja. Kimiminika kilichopotea njia unakitafuta kote.

#42 Darubini

Ndewe nne ndiyo sababu ya kuziacha kavu.

#43 Gome Kavu

Wakuu, amueni. Kibali naanza kukiandika Jumatatu.

#44 Kiti Moto cha Nyuma

Andika pande zote mbili, kamati ichague. Na jina la mti?